Mche Haukui Peke Yake: Ushauri kwa Wenye Vitalu wa Nachingwea na Ruangwa

Mvua za Nachingwea na Ruangwa ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, Aprili au Mei zimekwisha, na mche uliopandwa shambani unapata miezi michache tu ya kushika ardhi kabla kiangazi hakijaingia. Kila mwenye kitalu anaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana anahangaika mche utoke kitaluni ukiwa mkubwa: anaupa urea, anaumwagilia asubuhi na jioni, anapuliza dawa kila aonapo doa kwenye jani. Mteja naye anapenda mche mrefu wenye majani ya kijani kilichokolea, anaulipia bila kubishana. Agosti akipita shambani anakuta mashimo mengi yamebaki na vijiti.

Jua hulaumiwa, mchwa nao hulaumiwa, na ni kweli vyote viwili vinaua. Ila sehemu ya hasara hiyo imekwisha kuandaliwa ndani ya kiriba miezi mingi kabla. Miche mingi tunayoitoa imelelewa vizuri kwa juu na vibaya kwa ndani. Tumeilisha na kuinywesha, huku tukiwaua au kuwakosesha njia bakteria ambao wangeingia kuishi ndani yake na kuisaidia kuvumilia kiu, njaa na maradhi. Ushauri wangu wote katika makala hii unatokana na jambo hilo moja: mwenye kitalu analea mti pamoja na viumbe wanaokaa ndani ya mti, na akiwasahau hao wa pili, wa kwanza atamsumbua.

Neno bakteria linawatisha wengi kwa sababu tulilisikia kwanza zahanati, likitajwa pamoja na kipindupindu na kifua kikuu. Kwa mimea, wengi wao hawana madhara yoyote. Mimea mizima iliyochunguzwa maabara, ya porini na ya shambani, imekutwa ina bakteria ndani ya mizizi, ndani ya shina, ndani ya majani, hata ndani ya mbegu. Wanaishi kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya chembe hai za mmea, wanakula sukari kidogo inayotengenezwa na majani, na baadhi yao wanailipa vizuri kwa kazi.

Kazi zenyewe ni za aina kadhaa. Wapo wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo mti hauwezi kuila jinsi ilivyo, wakaigeuza kuwa chakula. Wapo wanaotoa tindikali hafifu inayolegeza fosforasi iliyong'ang'ania kwenye udongo mwekundu, udongo ambao kwa kawaida huishika fosforasi na kuinyima mizizi. Wengine hutengeneza homoni ileile ambayo mmea huitumia kuchipusha mizizi, hivyo mche unapata mizizi midogo mingi mapema. Kazi ninayoiona kuwa muhimu kupita zote kwa wilaya hizi mbili inahusu kiu. Mche ukikosa maji hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ikizidi, mizizi huacha kurefuka na majani hupukutika. Wapo bakteria wenye kimeng'enya kinachokula malighafi ya gesi hiyo. Mche wenye wageni hao huendelea kusukuma mzizi chini wakati jirani yake umekwisha kukata tamaa. Halafu kuna ulinzi: jamii ya Basilasi hutoa sumu zinazozuia ukungu, na uwepo wao peke yake huuamsha mche ujiandae kabla adui hajafika.

Wanaingiaje? Njia kubwa ni mizizi. Mzizi mdogo unapochomoza kutoka kwenye mzizi mkubwa huacha ufa mwembamba, na hapo ndipo bakteria wa kwenye udongo hupenya. Wengine hupitia vinyweleo vya mizizi, wengine matundu ya majani, wengine vidonda. Na wapo wanaorithiwa: mti mama huwaweka ndani ya mbegu, nao huamka mbegu inapoota, kama dang'a anayopewa ndama kabla hajaonja jani. Kwa hiyo mche una vyanzo viwili vya marafiki, mbegu yake na udongo wa kiriba chake. Vyote viwili vimo mikononi mwako.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1888 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa vinundu vya mizizini, na mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Baadaye Johanna Döbereiner na wenzake huko Brazil waliwakuta bakteria wa naitrojeni ndani ya muwa, mmea usio na kinundu hata kimoja. Huko Marekani, Sharon Doty wa Chuo Kikuu cha Washington aliwatoa bakteria wa namna hiyo ndani ya miti ya popla iliyojiotea kwenye kokoto za kingo za mto, mahali pasipo na rutuba. Hili la popla lina maana kubwa kwetu. Mti usiotoa vinundu, unaoota kwenye mawe, ulikuwa na wasaidizi ndani ya shina lake. Mkorosho nao hautoi vinundu, na mashamba mengi ya mikorosho ya kusini yako kwenye mchanga ambao mazao mengine yanaukataa.

Karibu na kwetu zaidi, Mombasa, kuna mfano ambao yeyote anaweza kwenda kuutazama. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki mwamba wa matumbawe na maji ya chumvi. Mti uliofungua njia ni mvinje. Mvinje si wa jamii ya kunde, lakini mizizi yake hutengeneza vinundu pamoja na bakteria waitwao Frankia, ndiyo maana huweza kukua mahali ambapo hakuna naitrojeni. Leo pale pana msitu.

Sasa turudi kwenye kitalu chako.

Anza kwa kujua unalea mti wa kundi gani, kwa sababu ushauri haufanani. Mpingo, mninga, mlusina na gliricidia ni miti inayotoa vinundu. Mkorosho, mwembe, msaji na mvule haitoi, ingawa ina bakteria wengine ndani yake. Kuna kundi la tatu linalowachanganya watu: miti ya jamii ya kunde ambayo haitoi vinundu kabisa. Mjohoro, ambao umejaa kwenye viwanja vya shule na ofisi, ni mmoja wao. Mkwaju vilevile, na mkongo, na miti ya miombo yenyewe. Ukichimbua mche wa mjohoro ukakosa vinundu, hujakosea kitu. Mkongo na miombo hutegemea zaidi ukungu wa mizizini, ambao nao hupatikana kwenye udongo wa chini ya mti mama. Misonobari ilipoletwa Afrika mashariki na kusini ilidumaa vitaluni mpaka ulipoletwa udongo uliokuwa na ukungu wake; mbegu nzuri peke yake haikufua dafu.

Udongo wa kiriba ndio uamuzi mkubwa kuliko wote, na ndio tunaoufanya kwa haraka kuliko yote. Mchanganyiko uliozoeleka ni ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi iliyoiva na ndoo moja ya mchanga wa mtoni. Uwiano huo ni mzuri. Tatizo ni mahali udongo wa juu unapochukuliwa. Wengi huchota palipo karibu, na kwa Nachingwea na Ruangwa palipo karibu mara nyingi ni chini ya mikorosho mikubwa.

Usichote hapo. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni salfa. Tangu ubwiri unga ulipotia hasara mikorosho ya kusini, salfa ya unga imekuwa ikipulizwa msimu baada ya msimu. Inayodondoka chini haikai bure: bakteria wa udongo huibadilisha kuwa tindikali ya salfa. Watafiti, akiwamo Amos Majule, walilichunguza jambo hilo kwenye mashamba ya kusini miaka ya 1990, na wasiwasi wao ulikuwa huohuo, kwamba udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuzuia tindikali isipande. Bakteria wengi wa manufaa, hasa wanaotengeneza vinundu, hudhoofika kwenye udongo wenye tindikali kali. Sisemi uache salfa. Bila salfa au dawa nyingine inayoshauriwa na wataalamu ubwiri unga utakumaliza, na hakuna bakteria wa kitaluni anayeweza kuibeba kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba udongo uliopokea salfa kwa miaka haufai kuwa makao ya kwanza ya mche.

Sababu ya pili ni mnyauko. Mwaka 2012 ugonjwa wa mnyauko fuzari wa mikorosho ulibainika katika kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga. Kimelea chake ni ukungu uitwao Fuzari, unaoishi udongoni na kuingia kwa njia ya mizizi, na ukishaingia shambani hukaa miaka mingi hata mti ukiondolewa. Anayebeba udongo kutoka chini ya mkorosho ulionyauka ubavu mmoja, akaujaza kwenye viriba elfu moja, amepanda ugonjwa katika mashamba ya watu wote watakaonunua miche yake. Hakikisha unajua historia ya udongo kabla ya kushika koleo.

Udongo mzuri ni ule wa shamba lililopumzika chini ya majani na vichaka, au wa pembezoni mwa msitu, mweusi kidogo, wenye harufu ya mvua ya kwanza, wenye majongoo na mizizi midogo. Chukua tabaka la juu, sentimita kumi au kumi na tano, usizidi hapo, kwa sababu uhai mwingi uko juu. Usichimbe shimo moja kubwa. Chota kidogo hapa, kidogo pale. Kama ni msitu wa kijiji, zungumza kwanza na kamati ya maliasili. Huhitaji lori zima. Ndoo moja ya udongo hai ikichanganywa na ndoo tisa za udongo wa kawaida inatosha kupeleka mbegu ya viumbe kwenye viriba vyote.

Kwa mpingo na mninga, ndoo hiyo moja itoke chini ya mpingo au mninga wenyewe. Hapa ndipo wakulima wengi wanapokosea, wakidhani udongo wowote wa msitu unatosha. Kila jamii ya mti ina bakteria inaowapokea na inaowakataa, na waliozoeana nao wanapatikana kwa uhakika zaidi mizizini mwake. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambazo mpingo bado unasimama porini kwa wingi, mti unaotengenezewa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde, na ambao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuuzwa. Marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, alitumia miaka yake mingi kuhamasisha watu wa Kilimanjaro kuotesha mipingo kwenye vitalu vya shule na vikundi. Kusini tuna faida ambayo Moshi hawana kwa kiasi hicho: miti mama iko jirani, na udongo wake upo bure.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia vinundu vyenyewe. Wakati wa mvua, kati ya Januari na Machi, tafuta miche iliyojiotea chini ya mpingo mkubwa. Ichimbue miwili mitatu taratibu kwa uma au kijiti, usiing'oe, maana vinundu hubaki ardhini. Chagua vinundu vinene, vioshe, viponde kwenye kinu kidogo safi, kisha changanya ujazo wa kiganja kimoja kwenye lita kadhaa za maji ya mvua au ya kisima. Mwagia kijiko kikubwa kwenye kila kiriba, jioni, karibu na shina, miche ikiwa imeshatoa majani yake halisi ya kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuyatumia. Vilivyopondwa vitumie siku hiyohiyo.

Baada ya wiki sita hadi nane kagua. Toa mche mmoja, uoshe mizizi, tafuta vinundu. Kimoja kikate kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe bado hakijaanza au kina wakazi wavivu. Kikiwa cha kijani au cha kahawia kimeshazeeka. Tafadhali usichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo fundo. Kinundu kimejishikiza ubavuni mwa mzizi na hutoka kirahisi ukikisukuma kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, huutoi bila kuukata mzizi. Nimeona miche yenye minyoo ikisifiwa kwa kuwa na vinundu vingi, na hilo linaumiza, kwa sababu minyoo hiyo huenda shambani pamoja na kiriba.

Mbegu nayo ina haki yake. Kwa mikorosho, chukua mbegu bora iliyotoka kwenye chanzo kinachotambuliwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, itumbukize kwenye maji, zinazoelea zitupe, zilizozama ndizo za kupanda. Kwa miti ya porini, okota mbegu chini ya mti mzima, ulionyooka, usio na madonda. Wengi wanatazama umbo la mti kwa ajili ya damu yake, na ni sawa, lakini kumbuka na wale wanaorithiwa ndani ya mbegu: mti mgonjwa huweza kurithisha na ugonjwa. Usiloweke mbegu kwenye dawa ya kufulia nguo ili "kuua wadudu". Maji safi yanatosha. Mrututu na viuakuvu vya unga vinavyopakwa kwenye mbegu huwadhuru bakteria wa vinundu. Kama lazima uipake dawa mbegu ya mti wa jamii ya kunde, basi bakteria wapeleke kwenye udongo baadaye, usiwagusishe na dawa.

Kuhusu kuchoma udongo, nina msimamo wa kati. Wapo wanaokaanga udongo kwenye bati ili kinyausi kisiue miche, na kinyausi ni adui wa kweli: unaamka asubuhi unakuta miche imelala, mashina yamebana usawa wa udongo. Lakini udongo uliokaangwa ni nyumba tupu, na anayewahi kuingia kwenye nyumba tupu mara nyingi ni huyohuyo uliyemfukuza. Kinyausi huletwa zaidi na maji mengi, kivuli kizito na miche iliyobanana. Punguza kumwagilia, achanisha viriba upepo upite, weka mchanga mwingi zaidi kwenye mchanganyiko. Kama bado unahitaji joto, njia ya upole ni kulowesha udongo, kuutandaza, kuufunika kwa nailoni angavu na kuuacha juani kwa wiki nne hadi sita wakati wa kiangazi. Vimelea vingi hufa, na jamii ya Basilasi, ambayo ina mbegu ngumu za kuvumilia joto, kwa sehemu kubwa hubaki. Iwe umekaanga au umeanika, rudisha uhai kwa kuchanganya mboji iliyoiva na ndoo ya udongo hai kabla ya kujaza.

Urea ndiyo inayonipa shida zaidi kuielezea, kwa sababu matokeo yake yanapendeza macho. Mche ukipata naitrojeni nyingi ya bure hauna sababu ya kuwalisha bakteria wa naitrojeni. Mpingo uliojazwa urea hufunga mlango, vinundu havitoki. Mkorosho nao hurefuka juu bila kuongeza mizizi, na majani yake laini huwavutia wadudu na ukungu. Mche wa namna hiyo ndio unaokufa Agosti. Kwa miti ya vinundu usitumie urea kabisa kitaluni. Kwa mikorosho itosheleze samadi iliyoiva, na ukiona majani ya chini yamegeuka njano, ipe mbolea kidogo sana, iliyoyeyushwa kwenye maji. Fosforasi ni habari nyingine: hiyo inasaidia mizizi na vinundu pia. Mbolea ya Minjingu, inayotoka kwenye mwamba wa fosfeti wa huko Manyara, huyeyuka polepole, na kwenye udongo wenye tindikali kiasi, pamoja na bakteria wanaolegeza fosforasi, huyeyuka vizuri zaidi. Kiganja kimoja kwenye debe la udongo kinatosha. Samadi mbichi ikae mbali na viriba. Ikiwa bado ina joto ukiitia mkono, haijaiva.

Jua linalopiga moja kwa moja kwenye viriba vyeusi hupasha udongo wa ndani kiasi cha kuua ncha za mizizi, na zikifa ncha, bakteria wanapoteza mahali pa kula. Panga viriba vishikane, safu za nje zizibe kwa udongo au majani makavu, na kivuli cha makuti au nyasi kipunguzwe pole pole wiki nne kabla ya kupanda. Katika wiki hizo punguza na maji, siku moja unyweshe, siku moja uache. Kiu ndogo ya kitaluni ndiyo inayoufundisha mche na wakazi wake kuishi na kiu kubwa ya shambani.

Wanaobebesha mikorosho wakumbuke kwamba kikonyo nacho hakiji kitupu. Kinaleta bakteria na ukungu wa mti kilikotoka, wazuri na wabaya. Kikate asubuhi kwenye mti wenye afya, usio na vidonda vya kufa kuanzia nchani. Kisu kifutwe kwa spiriti kila baada ya miche michache, na kidonda kifungwe haraka. Usafi wa hapa ni wa kisu na mikono. Hauhitaji kukimwagia kikonyo dawa.

Siku ya kupanda, kata kiriba kwa wembe na kitoe chote, lakini donge la udongo lisivunjike. Lile donge ndilo jamii uliyoilea miezi yote. Ukilipukutisha ili mche uwe mwepesi kubeba kwenye baiskeli, umeutuma peke yake. Shimo lichimbwe mapema, udongo wa juu urudi chini pamoja na samadi iliyoiva, na baada ya kupanda weka matandazo ya nyasi yasiyogusa shina. Usichome majani kuzunguka miche michanga. Moto hupita haraka lakini huondoa kifuniko kinachoupoza udongo wa juu, na juu ndiko uhai uliko.

Mikorosho ikipandwa mita 12 kwa 12 huacha nafasi kubwa kwa miaka ya mwanzo. Ijaze karanga, kunde, choroko au mbaazi. Karanga zina historia yake hapa: kati ya 1947 na 1951 Serikali ya Uingereza iliufyeka msitu wa Nachingwea kwa matrekta, ikajenga reli kutoka pwani, kisha ikauacha mradi wote. Mkulima wa kawaida aliendelea kuzilima kwa jembe, na mizizi yake yenye vinundu inaendelea kurutubisha ardhi hiyohiyo. Masalia ya mbaazi yaachwe shambani yaoze karibu na mikorosho, yasipelekwe kuni yote.

Mwisho niseme kuhusu chupa. Maduka ya pembejeo yanaleta bidhaa zinazoitwa za bakteria au za viumbe hai, nyingine zina ahadi kubwa kuliko ujazo wake. Zipo za kweli. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix kwa mazao ya kunde, na wakulima wengi wa maharage na soya wameitumia kwa faida. Lakini bakteria wa soya hawatafanya kazi kwenye mpingo. Kabla hujatoa pesa, soma ni ya mmea gani, imesajiliwa na mamlaka ya mbolea (TFRA) kama ni mbolea au na mamlaka ya viuatilifu (TPHPA) kama ni kiuatilifu, inakwisha lini, na ilikaa wapi. Pakiti ya viumbe hai iliyokaa dirishani juani wiki tatu imebaki vumbi.

Na hata ukiiamini, ijaribu. Chagua viriba arobaini vya mbegu moja na udongo mmoja. Ishirini vitie bidhaa hiyo, au udongo wa chini ya mti mama, au vinundu vilivyopondwa. Ishirini vibaki kama kawaida yako. Vichanganye kwenye safu moja, usivitenge upande wa kivuli na upande wa jua, na uvitie alama ya rangi. Pima urefu na unene wa shina siku ya kupanda, lakini hicho si kipimo cha kuamulia. Panda miche yote arobaini shambani, kisha ihesabu Oktoba, kiangazi kikiwa mwishoni, mingapi ya kila rangi bado ina majani. Kama tofauti ni kubwa, chimbua mche mmoja wa kila kundi pamoja na donge lake, ufunge kwenye gunia lenye unyevu, na uupeleke kwa afisa ugani au kituo cha utafiti cha Nachingwea kabla mizizi haijakauka.